Posta, Bagamoyo au Mwenge: safari tatu za siku moja kwa mtu wa Dar mwenye bajeti ndogo

Shule zikifungwa tu, simu yangu inaanza kuita. Shangazi anataka kujua awatoe wapi wajukuu kwa siku moja. Rafiki amepokea mgeni kutoka Songea na hataki kumpeleka ufukweni kunywa soda halafu basi. Mwingine ameishi Dar miaka kumi na miwili, anapita Samora kila siku ya kazi, na hajawahi kusimama kwenye sanamu ya Askari akasoma maandishi yake. Wote wanauliza kitu kimoja: twende wapi tuone historia na sanaa, turudi jioni, na kibubu kisivunjwe?

Kwa anayeanzia Dar es Salaam nina majibu matatu. Kuna katikati ya jiji kwa miguu, ambako wengi tunakuita Posta. Kuna Bagamoyo pamoja na magofu ya Kaole. Halafu kuna ule mstari wa wasanii, kutoka Oysterbay mpaka Mwenge. Zote tatu nimezifanya zaidi ya mara moja, nikiwa na watoto, nikiwa na wazee, na nikiwa peke yangu. Hazifanani hata kidogo, na ukichagua isiyokufaa utarudi nyumbani umechoka na umetumia hela kuliko ulivyopanga.

Kwanza tuelewane hela inakwenda wapi. Wengi wakipiga hesabu ya safari kama hii wanaanzia kwenye kiingilio, wanaogopa, wanaghairi. Kumbe kiingilio ndicho kidogo. Kwenye makumbusho ya taifa na maeneo ya malikale Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, na mtoto analipa pungufu zaidi. Beba tu kitambulisho. Kinachomaliza hela ni kuhamahama: bajaji kutoka hapa kwenda pale, bodaboda mbili kwa sababu hamtoshi kwenye moja, maji ya kununua kila mnaposhuka, na kile chakula cha haraka mnachokula mahali pa bei kwa kuwa njaa imewakuta pabaya. Ndiyo maana kipimo changu cha kwanza ni umbali kati ya kitu na kitu. Cha pili ni je, huko mnakokwenda vitu vinajieleza vyenyewe, au vinahitaji mtu wa kuvieleza? Gofu lisilo na maelezo, kwa mtoto wa miaka tisa, ni mawe.

Tuanze na Posta, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote.

Unashuka kituo cha mwisho cha mwendokasi, Kivukoni, saa mbili asubuhi kabla jua halijakolea. Kama mna watoto, pandeni kwanza pantoni mwende Kigamboni na kurudi. Nauli yake ni ndogo kuliko ya daladala, na kutoka majini mtaona mji wote ulivyokaa: mnara wa kanisa la Azania Front na vigae vyake vyekundu, nyuma yake maghorofa ya vioo. Hapo ndipo mtoto anaelewa kwamba mji ulianza pale kwenye ukingo wa maji, ukapanda juu. Mkirudi, shikeni Barabara ya Sokoine mkiwa na bandari mkono wa kushoto. Ndani ya mwendo usiozidi kilomita moja mna Azania Front ya Walutheri na Mtakatifu Yosefu ya Wakatoliki, makanisa mawili yaliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Mna Nyumba ya Atiman. Mna Boma la Kale kwenye kona ya Barabara ya Morogoro.

Nyumba ya Atiman na Boma la Kale zina umri mkubwa kuliko vyote hivyo. Ni za miaka ya 1860, wakati Sultani Majid wa Zanzibar alipokuwa anajenga mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima. Boma lilikuwa la kupokelea wageni wake. Tia mkono ukutani uguse: ni mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na dari zinabebwa na boriti za mikoko, ujenzi ule ule unaouona Zanzibar na Lamu. Atiman mwenyewe hakuwa sultani wala mmisionari wa Kizungu. Adrian Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto huko karibu na Timbuktu, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akaja kutibu watu Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kuanzia 1889 mpaka alipofariki mwaka 1956. Karibu miaka sabini! Watu wanapita mlangoni pa nyumba yenye jina lake kila asubuhi wakikimbilia ofisini.

Kisha mnapanda Samora. Kwenye mzunguko wa barabara, katikati ya magari, amesimama Askari.

Hapa naomba msipite haraka. Subirini magari yapungue, vukeni kwa uangalifu, msimame chini yake. Ni sanamu ya shaba, mwanajeshi mmoja ameinama mbele, bunduki mikononi, singe imeelekezwa bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu wakati ule wasomaji wengi wa pwani walikuwa bado wanasoma Kiswahili kwa herufi hizo. Pale pale aliposimama askari huyu, Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann, aliyezima kwa damu upinzani wa watu wa pwani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaishusha. Ilisafirishwa, ikaishia Hamburg, na huko miaka ya 1960 wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha chini. Kwa hiyo gavana aliyekuwa na jina akaondoka, akaja askari asiye na jina.

Na bado kuna kitu hakionekani vizuri pale. Vita ile ya kwanza ya dunia, huku kwetu, iliua wapagazi wengi kuliko wapiganaji. Walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, wakibeba risasi na unga vichwani. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na pale walipopiga kambi ndipo tunapaita Kariakoo. Mimi nikiwa na vijana huwa nawaongoza kwa miguu kutoka kwa Askari mpaka Kariakoo kwa sababu hiyo, tukipita Mnara wa Saa uliojengwa 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji, na viwanja vya Mnazi Mmoja penye mnara wa Uhuru. Sanamu inamwonyesha mwenye bunduki. Mtaa umebeba jina la mwenye mzigo. Na ukifika sokoni tazama juu: paa la zege kama miavuli iliyopinduliwa, kazi ya msanifu majengo wetu Beda Amuli, ya miaka ya 1970. Soko liliungua Julai 2021 na ukarabati wake ulichukua muda, lakini umbo lile linatambulika kwa mbali.

Kama mko na wazee au watoto wadogo, msiende Kariakoo. Kutoka kwa Askari geukeni upande wa pili, mwendo wa kama dakika kumi, mkaingie Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert jua la saa sita likiwa limewaka. Ilianzishwa 1934 na kufunguliwa kwa watu mwaka 1940. Fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale sana wa binadamu, alilolipata Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa karibu miaka milioni moja na laki saba na nusu, limehifadhiwa hapa. Ndani kuna mambo ya Wajerumani, mambo ya Uhuru, magari yaliyotumiwa na viongozi, na uani kuna kumbukumbu ya waliouawa kwenye bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Watu kumi na mmoja walikufa hapa Dar siku ile. Karibu kabisa kuna bustani ya mimea ya tangu enzi za Wajerumani, yenye kivuli cha kweli. Chakula mlichofungasha kilieni hapo.

Onyo moja: ukanda ule una Ikulu, wizara na bandari. Usipige picha za majengo ya serikali wala askari wa zamu. Piga picha za kanisa, za sanamu na za watoto wako.

Gharama ya siku nzima ya Posta, kwa hiyo, ni nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na kiingilio kimoja. Mengine yote ni ya bure. Udhaifu wake ni kwamba karibu hakuna kitu kinachojieleza. Usiposoma kabla ya kwenda, utaona majengo ya zamani na foleni. Boma la Kale kuna watu wanaojishughulisha na urithi wa majengo ya jiji, na hapo ndipo pa kuuliza matembezi ya kuongozwa. La sivyo mmoja wenu awe mwalimu wa siku hiyo.

Bagamoyo ni kinyume chake. Inagharimu zaidi, inachosha zaidi, na inajieleza.

Ni kilomita kama 70 kaskazini. Magari yanapita Mwenge, Tegeta, Bunju, yakisimama kila mahali, kwa hiyo tenga saa mbili za kwenda na usishangae za kurudi zikiwa tatu. Ukitoka nyumbani saa nne asubuhi umeshaiharibu siku. Toka saa kumi na mbili. Ukifika, usianze na mji. Chukua bajaji moja, patana naye bei ya kwenda Kaole, kuwasubiri na kuwarudisha, mkiafikiana kabla hamjapanda. Kaole iko kilomita kama tano kusini, haina kivuli cha kutosha, na ukiiacha mpaka mchana utaiona kwa jicho moja.

Mara ya mwisho nilikwenda na mpwa wangu wa darasa la tano. Mzee aliyetupokea getini alikuwa amevaa kofia ya mkono, amekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu, karibuni. Punguzeni mwendo, Kaole haikimbii."

Akatupeleka kwenye misikiti miwili iliyobaki kuta, mmoja ukikadiriwa kuwa wa karne ya 13, miongoni mwa ya kale kabisa pwani ya bara. Kibla kinaonekana bado, kimechongwa kwa matumbawe. Kisha makaburi. Baadhi yana nguzo ndefu za mawe, na kwenye nguzo kuna vishimo vya duara, vimelainika kwa mvua za miaka mingi. Mpwa wangu akaingiza kidole.

"Babu, hivi ni vya nini?"

"Hapo palikuwa na bakuli, mama. Bakuli la China. Marehemu alikuwa mtu mzito."

Vipande vya vyombo hivyo vipo kwenye chumba kidogo cha makumbusho palepale, vya rangi ya kijani kama maji ya mto. Mtoto akavitazama, akarudi mbio kwenye kaburi kulinganisha ukubwa wa kishimo na mzingo wa bakuli. Nimesoma vitabu vya historia ya pwani, na hakuna ukurasa ulionipa kilichompata yule mtoto kwa dakika tano. Bandari iliyokuwa pale sasa ni mikoko mitupu. Unaelewa kwa macho kwa nini biashara ilihamia Bagamoyo.

Kutoka Kaole mwambie bajaji awashushe Misheni, upande wa kaskazini wa mji. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo 1868, wakafungua makao kwa watu waliokombolewa utumwani. Mbuyu walioupanda mwaka huo bado upo, na shinani pake kuna mnyororo. Inasimuliwa kwamba mama mmoja wa Kifaransa alikuwa akimfunga punda wake pale, akasahau mnyororo, mti ukanenepa ukaumeza. Leo kinachoonekana ni kipande kifupi tu, kimezama kwenye gome kama pete kwenye kidole kilichovimba. Watoto wote wanataka kukivuta. Waacheni waguse taratibu.

Karibu yake kuna mnara wa kanisa la zamani wanaouita Mnara wa Livingstone. Mimi nauita mnara wa Chuma na Susi. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake hao, James Chuma na Abdullah Susi, pamoja na kundi lao, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu miezi tisa mpaka hapa. Walifika tarehe 24 Februari 1874, mwili ukalala kanisani usiku mmoja, kisha ukavushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Simama mlangoni ufikirie uzito wa machela kwenye bega, kwenye matope, kwa umbali wa kutoka hapa mpaka Zambia. Makumbusho ya Misheni yana kiingilio chake, na kwa maoni yangu ndicho kiingilio chenye thamani kubwa kuliko vyote katika safari hizi tatu.

Mji Mkongwe wa Bagamoyo unatembewa kwa miguu. Ngome Kongwe ya 1860, Boma la Wajerumani la 1897, jengo la misafara ambako wapagazi waliotoka Tabora na Ujiji walipumzika, nyumba za wafanyabiashara zenye milango ya kuchongwa. Milango hii ndiyo sanaa ya barabarani ya kale zaidi tuliyo nayo, na ni ya bure. Mfundishe mtoto kutafuta alama: samaki, ua la yungiyungi, mnyororo kwenye fremu. Kila nyumba ilikuwa inamwambia mpita njia mwenye nyumba ni nani. Ukiteremka baharini utapishana na wachoraji na wachongaji wadogo, na upande wa kusini kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, chuo kilichoanza mwaka 1981. Siku za masomo unasikia ngoma kabla hujaliona jengo.

Hapa mjini chukua mwongozaji aliyesajiliwa, muulize ofisini kwa malikale. Wapo vijana watakaokufuata kutoka stendi wakijiita waongozaji. Wengine wanajua sana, wengine wanatunga. Niliwahi kumlipa mmoja aliyenionyesha karibu kila mti mkubwa akisema hapa walinyongwa watu. Gawaneni gharama ya mwongozaji mkiwa watu sita au saba, inakuwa kama nauli ya mji. Mkiwa wawili, inauma.

Hesabu ya Bagamoyo basi: nauli mbili ndefu, bajaji ya nusu siku, viingilio viwili au vitatu, mwongozaji, na chakula, maana kurudi nyumbani mchana haiwezekani. Kwa familia ya watu watano inafika mara tatu au nne ya Posta. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanaona ni ghali, wanaamua kupunguza kwa kuiacha Kaole. Bora upunguze mji kuliko Kaole. Nyumba za aina ile unaweza kuziona Zanzibar siku moja. Nguzo zile za makaburi ziko sehemu chache.

Mwenge nitaisema kwa ufupi, kwa sababu siyo ya kila mtu. Ni safari ya sanaa inayotengenezwa sasa hivi, mbele yako.

Unaanzia Morogoro Stores, Oysterbay, kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya hadibodi, kwa kuwa ndivyo vitu alivyoweza kumudu. Alikufa kwa risasi mwaka 1972 akiwa bado kijana wa miaka arobaini, polisi wakimdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora, na mtindo una jina lake duniani kote. Kuangalia hakulipiwi. Kaa kando ya mchoraji umwone anavyoweka nukta za chui, moja moja, rangi ya chini ikiwa haijakauka vizuri, na mkono hautetemeki.

Mwenge kwenye vinyago kuna Wamakonde na wengine wanaochonga mpingo. Omba kuonyeshwa ujamaa, ule mnara wa watu wamepandana na kushikana kutoka gogo moja, na shetani, ile ya maumbo yaliyopinda. Ukitaka kununua, pima uzito mkononi. Mpingo ni mzito kuliko unavyotarajia. Kinyago chepesi chenye weusi unaong'aa sana huenda ni mti mwingine uliopakwa kiwi. Kijiji cha Makumbusho, ambacho kimekipa kituo cha daladala jina lake, kiko jirani, na ndani yake mna nyumba za jadi za makabila kadhaa, tembe la Wagogo lenye paa la udongo, msonge wa Wahaya ulioezekwa nyasi mpaka chini. Mtoto wa mjini akiingia ndani ya msonge, akaona mbuzi na watu walivyogawana nafasi, anakuwa na maswali ya wiki nzima. Kama bado mna nguvu, Nafasi Art Space iko Mikocheni, na humo utakuta wachoraji na wachongaji wa kizazi hiki.

Nauli ni ndogo, kiingilio ni kimoja, lakini hatari ya njia hii ni mfuko wako mwenyewe. Utapenda kitu. Ukiwa na watoto watatu, kila mmoja atapenda kitu. Amua kiasi kabla hujatoka nyumbani na ukibebe mkononi, kingine kibaki nyumbani.

Sasa, uchague ipi?

Kama una nusu siku na hela ya nauli tu, nenda Posta, na nenda Jumapili baada ya saa tano. Magari yamepungua, unaweza kusimama katikati ya Samora ukaangalia juu kwenye roshani za majengo ya zamani, na ibada za asubuhi zimekwisha, kwa hiyo ukiomba kuingia kanisani hutavuruga mtu. Siku za kazi njia hiyo ni kelele na kusukumana. Kwa mzee mwenye magoti mabaya Posta pia inashinda, mradi uipunguze: Azania Front, Askari, makumbusho, bustani, basi. Bagamoyo ina kuketi sana ndani ya gari na kusimama sana juani, na mama yangu alipofika Kaole alishakuwa amechoka kabla hatujaanza.

Kwa watoto wa shule ya msingi sina shaka hata kidogo: Bagamoyo, mara moja, hata kama mtajibana miezi miwili kuilipia. Mnyororo ndani ya mbuyu, vishimo vya bakuli, mwili uliobebwa miezi tisa. Hivyo ni vitu ambavyo mtoto anavishika kwa mkono na kuvisimulia darasani. Posta inahitaji kichwa kilichokwisha kusoma kidogo, na vijana wa sekondari ndio wanaoifaidi, hasa hadithi ya Askari na Kariakoo. Kwa mgeni aliyetoka bara ambaye hajawahi kuona bahari, Bagamoyo tena, kwa sababu mchana atapata na ufuko.

Kwa kijana anayependa kuchora, au mzazi mwenye mtoto anayechora kwenye kila daftari, acha vyote viwili. Mpeleke Tingatinga Jumamosi moja akae saa mbili akimwangalia mtu mzima anayeishi kwa kalamu na rangi.

Masika, Machi mpaka Mei, usijaribu Kaole. Nyasi zinakuwa ndefu, njia ni tope, na mvua ikikukuta hakuna pa kujificha zaidi ya kile chumba kimoja. Miezi hiyo Makumbusho ya Taifa yatakutosha. Juni mpaka Septemba hewa ni nzuri kwa yote matatu. Wakati wa mfungo wa Ramadhani, Bagamoyo mchana vibanda vingi vya chakula hufungwa, kwa hiyo fungasha, na ule kwa staha.

Muda wa kufunga uangalie sana. Niliwahi kuwafikisha watu kumi na mmoja kwenye mlango wa makumbusho saa kumi na moja kasoro, tumekula samaki ufukweni kwa raha zetu, tukakuta kufuli. Watoto walikuwa wameahidiwa. Tangu siku hiyo utaratibu wangu ni mmoja: penye mlango na tiketi tunakwenda asubuhi, pasipo na mlango, yaani mitaa, milango ya kuchongwa, sanamu na ufuko, tunakwenda jioni.

Malipo ya serikali siku hizi ni ya simu. Unapewa namba ya malipo, unalipa, unaonyesha ujumbe. Weka salio na uchaji simu usiku, kwa sababu betri ikiisha getini Kaole hakuna duka la kuazima waya. Fungasha maji ya lita tano kwa familia, kofia, na viatu vya kufunika vidole. Na ukirudi kutoka Bagamoyo, kuwa stendi kabla ya saa kumi. Gari la saa kumi na moja linajaa wafanyakazi na wafanyabiashara wa samaki, watoto watasimama mpaka Bunju, na foleni ya Tegeta itawapokea gizani.